Ng'ombe Waliochechemea Kwenye Simu

Nyamahanga,
Biharamulo.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na dada Kwandu na mbuzi wake wasiosikia. Huku hatujambo. Mahindi yamebeba, na baba mdogo Shibuda bado anakoroma mpaka kuku wanahama. Naandika kwa sababu kwenye simu usingeniacha nimalize.

Unajua ninavyomtaka Priscila wa Murukulazo. Baba yake, Mzee Gaspari, alisema kutoka huko Ngara kuja kukagua ng'ombe wa mahari ni mbali, nimtumie video wakitembea. Nikawaswaga, Shibuda akashika simu. Jibu likaja siku hiyohiyo: ng'ombe wote wanachechemea, wanarukaruka kama wamekanyaga makaa, na mchungaji wao naye ni mgonjwa. Posa ikasimama. Mama, hata ugali haukushuka.

Nikaenda kwa Novatus, mpiga video za harusi. Alicheka kwanza, kisha akaeleza kwamba video ni picha zilizotulia zinazopita haraka, na mwendo unaungwa na ubongo wa mtazamaji. Picha zikiwa nyingi kwa sekunde, ubongo unaona ng'ombe anatembea. Zikiwa chache, unaona anaruka. Na mimi nilikuwa nimezipunguza kwenye simu ili video iwe nyepesi kutuma. Shibuda akauliza kama ubongo wa Mhangaza kama Mzee Gaspari unaunga polepole kuliko wa Msukuma kama sisi. Nilimsihi asilitaje hilo ukweni.

Novatus akapiga upya kwa kamera yake, tukaipeleka Murukulazo wenyewe. Safari hii ng'ombe walitembea vizuri kabisa. Mzee Gaspari akasema amewakubali wote, ila aelezwe mbona huyu anayewaswaga bado anachechemea.

Mama, kaa kwanza. Ile pikipiki uliyonikataza niliinunua, ikaniangusha, na mguu haujanyooka. Ukweni nilikuwa nawahi kukaa kabla hawajaniona nikitembea. Niliyasema yote mbele yao.

Mzee akasema ng'ombe mwenye mguu mbovu angemrudisha, lakini mimi nimechaguliwa na Priscila, basi aulizwe mwenyewe. Priscila akajibu kwamba mguu huo aliuona tangu siku ya kwanza, na kwamba mume asiyeweza kukimbia ndiye aliyekuwa akimtafuta. Nilicheka huku nalia, Mama.

Harusi ni baada ya mavuno. Msalimie dada na majirani wote. Habari ya pikipiki tutagombana ukifika, ila nakuomba iwe baada ya keki.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Paschal