Zamu ya Mama Hoza

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa sababu moyo umetaka.

Unakumbuka Umoja wetu ulivyoanza? Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa juzi juzi tu, kila mali ya umma inatafutiwa tajiri, na sisi wauza mboga tukasikia soko letu nalo linanyemelewa. Tukakutana sisi pamoja na vibarua wa mashamba ya chai na walimu wawili, mmoja wao wewe. Ni wewe uliyesema, "Humu hakuna bosi. Uenyekiti ni wa zamu, kila mwezi mtu mwingine." Wanawake walicheka. Lakini niliona kibarua aliyezoea kufokewa na mnyapara akiongoza kikao, na ninyi walimu mkinyoosha mikono kumwomba ruhusa ya kusema. Nilijivunia mno. Kila aliyenunua kabichi kwangu alisikia habari zako.

Kisha tukaenda kuandikisha Umoja. Karani akauliza, "Mwenyekiti wenu nani?" Mwezi ule zamu ilikuwa ya Mama Hoza, muuza karoti kutoka Kwai, na alikuwa amesimama pale pale mlangoni na kanga yake mpya. Ulijua. Nilijua. Lakini karani alikuwa ameshika kalamu, anatutazama vile watu wa ofisini wanavyotutazama sisi wa sokoni, na Mama Hoza hakujua kuandika. Angeweka dole gumba. Nikaona aibu. Nikasema, "Ni huyu, kaka yangu mwalimu."

Ungeweza kukataa, kaka. Ulipokea kalamu.

Mwezi ukaisha, ukabaki mwenyekiti, kwa sababu ofisini jina lililoandikwa ni lako. Wanawake walipolalamika niliwatuliza mimi. "Huyu namjua, tumenyonya ziwa moja." Wakanyamaza kwa ajili yangu. Mwaka haujaisha, ukatia sahihi peke yako, kwa niaba yetu sote, kwamba Umoja umeridhia soko apewe yule tajiri mwenye mabasi, alivunje, ajenge maduka ya kupangisha. Tulijua siku meza zetu zilipong'olewa. Wewe ulikuwa umeshahamia Tanga, kwenye ofisi yake.

Nina hasira na wewe, na haipoi. Nauza kabichi chini, juu ya gunia, kando ya njia ya kwenda Irente, na wazungu wanaopanda kutazama mandhari wananipiga picha. Hilo nimelizoea. Ninachoshindwa kukusamehe ni kwamba waliokuamini waliniamini mimi kwanza, na ulilijua hilo ulipokuwa unatia sahihi. Nami sijisamehe ile aibu ya mlangoni. Nilimwonea haya mama wa watu mbele ya karani ambaye hata jina lake silikumbuki.

Nimesikia wanawake wameanza tena kukutana, nyumbani kwa Mama Hoza. Jumapili tulipotoka kanisani nikaenda. Nilipokaribia niliwasikia wakibishana kuhusu soko, kwa sauti kabisa. Nilipobisha hodi wakanyamaza. Mama Hoza akanipisha kiti chake mwenyewe, akanimiminia chai, akaniuliza hali ya mama. Halafu wote wakazungumza habari za maharage na mvua, kwa upole, mpaka nilipoaga.

Ubaki salama huko huko.

Mdogo wako