Waliopiga Hodi Kwenye Simu

Mwanangu Mwanasiti,

Huku Salale hatujambo, mpunga umeanza kutoa masuke na kikohozi cha babu yako kimepungua.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu uliyoniachia imenichanganya. Kila nikiingia mtandaoni nisikilize mawaidha, kinatokea kitu kinaomba niguse "Ruhusu". Mwanangu, mtu akipiga hodi utamwambiaje asiingie? Nikawa naruhusu tu, nao wakazidi kuja. Juzi zikatoka picha za watu uchi mbele ya shangazi yako Tatu. Akacheka: "Wifi, ndiyo mawaidha yenyewe haya?"

Jana ukaniandikia wewe, kwa namba nisiyoijua, na picha yako ya harusi juu: "Mama nimepata matatizo, nitumie namba yako ya siri haraka." Nikaogopa, sikujibu. Nimeizima simu nikaifunga kwenye khanga.

Yule Mtoro wa boti, anayekuletea barua hii, atangoja jibu lako hapo Kibiti. Niambie hukuwa wewe. Wageni wote nimewakaribisha, isije ikawa niliyemfungia mlango ni mwanangu.

Mama yako akuombeaye,
Salama