Mboga Gani, Mwalimu?

Dada Kabula,

Mwangaluka. Najua hutaitika, lakini barua isiyo na salamu ni taarifa ya habari tu, na taarifa za habari ulikuwa ukizizima hata nikisoma mimi.

Tangu tukuzike Nyashimo, kiti chako cha afisa lishe hapa Bariadi amekikalia mama mmoja kutoka Mwanhuzi. Mpole, msikivu. Bado hajajua kuzunguka nyuma ya jiko.

Nikupe habari za ile shule ya bweni ya wasichana upande wa Lalago. Siku ile tulikwenda wote, mimi na kinasa sauti, wewe na swali lako. Ulimuuliza mkuu wa shule kama wanafunzi wanapata mboga. "Kila siku, madam. Mboga haikosi." Mimi niliona jibu limetosha. Wewe ulishukuru, ukaenda jalalani na viatu vyako vya ofisi, ukaanza kupekua kwa kijiti. Mpishi akacheka: "Mayu, umepoteza pete?"

"Natafuta vikonyo vya majani."

Hapakuwa na hata kimoja. Majivu, na vijiwe vilivyochambuliwa kwenye maharage, basi.

Mkuu hakudanganya. Kwake, kama kwetu wote tuliokulia huku, mboga ni chochote kinachoteremsha ugali: maharage, dagaa, hata maziwa. Wewe uliuliza majani, yeye akajibu kitoweo. Ukarudi ofisini kwake ukamuuliza taratibu, "Mboga gani, mwalimu?" "Maharage." Wasichana wake walikuwa wakianguka mstarini asubuhi. Zahanati ilisema damu imepungua. Mtaani walisema mapepo.

Ulifuatilia bodi ya shule mpaka wakakuzoea. Jibu lilikuwa lilelile: kiangazi majani hayapatikani. Ukaugua kabla hawajaamua.

Wameamua, dada. Mrithi wako aliipeleka hoja yako kwenye kikao cha wazazi. Mwenyekiti wa bodi akaanza tena na kiangazi chake, ndipo mama mmoja mkulima wa pamba akasimama. "Kwani sisi nyumbani kiangazi tunakula mawe? Nsansa mmeisahau?" Mwenyekiti akasema wageni watatucheka, watoto wa sekondari kulishwa majani ya kunde makavu kama wako kijijini. Yule mama hakukaa. "Bhabha, kwa hiyo anayeanguka mstarini ndiye wa mjini?"

Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti naye akacheka. Wakapitisha: kila mzazi anayeleta mahindi alete na nsansa.

Juzi nilikwenda kuona. Nilianzia jalalani, kama wewe. Hakuna kikonyo. Nilishaanza kupanga kichwani habari ya wazazi walioahidi wasilete. Mpishi, yuleyule, akanikuta nimeinama. "Mwandishi, na wewe pete?" Akafunua sufuria. Nsansa imeungwa kwa karanga, imejaa hadi juu.

Bila shaka. Nsansa huchambuliwa na kukaushwa nyumbani. Vikonyo walishakula mbuzi wa wazazi. Jalala lako halikuwa na la kusema.

Tangu hapo najiuliza: wewe ungetazama wapi? Maana ungepata mahali, na usingemngoja mpishi afunue. Niliangalia sahani, zilikuwa zimeshaoshwa. Halafu wasichana wakanipita wakiziba midomo kwa mikono. Nikauliza mnacheka nini. Mmoja akatoa mkono: meno yote ya mbele yana kijani. "Shikamoo, na chumvi waongeze!"

Nadhani ungeanzia hapo. Sina uhakika, na wa kumuuliza sina. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko nilivyotarajia.

Kama kuanguka kumekoma, sijui. Ni mapema mno, na usingependa niseme nisichokiona. Muhula ujao nitakwenda asubuhi, nisimame nyuma ya mstari mpaka wimbo wa taifa uishe, nione nani kabaki amesimama. Nitakachokiona ndicho nitakachokuandikia, kiwe kizuri au kibaya.

Lala, dada. Swali lako ninalo mimi.

Mwandishi wako,
Masanja