Kuhamishwa kwa Nyumba ya Bi Doroti

Jumatatu, 4 Juni
Nyundo tena tangu alfajiri. Wanapanga jeki chini ya sakafu. Chai nachemshia kwa jirani. Barabara mpya ya Kenton itapita hapa, basi wanaiinua nyumba nzima ya shamba, mbao na dohani lake, waivute mpaka msingi mpya ng'ambo ya konde. Khaa, Waingereza hawa! Kwetu watu ndio huhama. Bi Doroti, mwenye nyumba, keshakwenda kwa dada yake. Sisi wapangaji tutoke Alhamisi. Nimemwambia Mama, "Tunatoka kwa muda tu." Kaacha kufunga mizigo.

Jumanne, 5 Juni
Mama hatoki. Hilo "kwa muda" ndilo lililomchoma. Ndilo tuliloambiwa Unguja wakati wa mapinduzi, tukaacha shamba, nyumba, na chungu motoni. Mpaka leo wanakaa wengine. "Sidanganywi mara mbili kwa neno moja," kasema, kajifungia chumbani. Namkasirikia. Namwonea huruma.

Jumatano, 6 Juni
Msimamizi kasema mtu akiwemo ndani haiinuliwi. Kesho isipoondoka, itabomolewa. Nimebembeleza, nimefoka, nimelia. "Wewe lia tu," Mama kanambia. Sijala. Naikumbuka nyumba yetu, harufu ya karafuu zilizoanikwa uani. Naitamani bado.

Alhamisi, 7 Juni
Katoka! Kwa sharti moja: haipi nyumba mgongo. Ikavutwa taratibu kama bi harusi, Mama nyuma yake konde zima, buibui limejaa tope. Wafanyakazi walicheka, kisha wakaacha. Ilipotua, kaingia yeye kwanza. Mguu wa kulia, na "Asalaam aleikum" kwa nyumba tupu. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 8 Juni
Lo! Kumbe nyumba wameigeuza. Jana Alasiri na Magharibi Mama kasali kuelekea ukuta wake uleule, na ukuta sasa unatazama Birmingham, si Kibla. Tumecheka mpaka kakaa chini. Sala kazilipa, mswala kaugeuza.

Jumamosi, 9 Juni
Mvua. Mama kapigilia misumari ukutani, katundika nguo zake. Nilipotoka kwenda dukani kasema, "Usichelewe kurudi nyumbani." Hajapata kupaita hapa nyumbani. Siku zote ni "kule kwa Bi Doroti". Ilifaa nifurahi. Nimesimama kwenye foleni na mkate mkononi, nikaona nimebaki peke yangu wa kuingojea Unguja.