Kamba Haikukatika

Poni, mtoto wa dada yangu,

Mvua imerudi. Jana ilinyesha Koboko kutwa nzima, na mtu aliyefika leo asubuhi kutoka Ludara ameniambia kijito chenu kimejaa mpaka kimefunika mawe ya kuvukia. Zamani ningekwisha kufunga karakana na kupanda pikipiki. Ungenipigia simu kabla tone la kwanza halijaanguka: "Mjomba, mawingu iko natoka Congo. Acha mbao. Kuja!" Safari hii nimebaki hapa Awindiri, mjini Arua. Nimekaa juu ya kitanda cha mteja ambacho nilipaswa kukimaliza jana, na ninakuandikia.

Nianze na nyumbani. Mama yako ni mzima, ila anakula kidogo. Mwaka huu amelima shamba la juu tu. Lile la chini, linalopakana na maji, ameliacha liote nyasi. Kayaki yako, ile mashua nyembamba ya plastiki, iko pale pale ulipoiweka, nyuma ya jiko, na kuku wawili wanatagia ndani, kwenye kiti chako. Nilitaka kuwafukuza. Mama yako akasema, "Waache. Angalau kitu kimoja kinaishi humo."

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka Jinja? Miaka mitatu uliosha vyombo kwenye kambi ya wageni wa mtoni, na jioni ukajifunza kupiga kasia na vijana wanaowaongoza wageni kwenye maporomoko. Sisi tulingoja ushuke kwenye lori na godoro na masanduku. Ukashuka na chombo cha plastiki cha njano, kirefu kuliko wewe. Jirani akauliza hiyo jerikani ni ya kazi gani. Mama yako akakwambia, "Hapa hakuna mto. Hapa iko tu maji ya mvua." Ukacheka. "Mama, hiyo maji ya mvua ndiyo mimi natafuta."

Hakuna aliyekuelewa, hata mimi. Kile kijito wanawake hukivuka kwa miguu na mizigo yao ya muhogo bila kulowa magoti. Wewe ndiye uliyetuonyesha kwamba mvua ikipiga vilimani, kwa muda wa saa mbili au tatu tu kinakuwa kitu kingine, chekundu, chenye kelele, na wewe katikati yake unapita kati ya mawe kama uliyezaliwa humo. Mimi nilikimbia kando ya maji na mfuko wa kamba begani, mzee wa miaka hamsini na nne, nikiteleza kwenye tope na kuchanwa na miiba. Tangu nimzike mke wangu nilikuwa sijacheka kwa sauti. Siku ya kwanza ulipopinduka na kuibuka upande wa pili na majani kinywani, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ulinifundisha kurusha kamba ya kukuokolea kwa siku nyingi kabla hujaniruhusu kuishika maji yakiwa makubwa. Ulinifanya nirushe kwenye kisiki mpaka bega likauma. Na kila mara ulirudia, "Mjomba, usifunge kamba kwenye mkono. Ikikushinda, achia. Mimi sitaki wewe ukufe kwa sababu yangu."

Sasa nifike kwenye siku ile.

Pale maji yanapoanguka kutoka kwenye jiwe pana na kujizungusha kurudi nyuma, ulipaita Kinu, kwa sababu kinachoingia kinatwangwa. Siku zote ulishuka hapo kwa upande wa kushoto, haraka, bila kusimama. Siku ile maji yalikuwa juu kuliko nilivyowahi kuyaona, na nilikupungia mkono kwamba tuache. Ukaniinulia kasia, ukatabasamu, ukaja. Sijui ulikosea nini. Niliona tumbo la kayaki, halafu nikakuona wewe nje yake, kofia yako tu, ukizunguka mahali pamoja.

Nilirusha. Mara ya kwanza kabisa nikakupata. Uliishika kwa mikono miwili, Poni, na ukanitazama.

Nikavuta. Maji yakavuta. Miguu yangu ikaanza kuteleza kwenye tope, nikafika ukingoni kabisa, mguu mmoja ukaingia ndani. Na nikaachia.

Kamba haikukatika. Niliachia mimi.

Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba nilifanya ulivyonifundisha. Ilinishinda, nikaachia. Lakini kuna sehemu ndogo ya wakati ule, ndogo sana, ambayo nairudia kila siku nikiwa nakata mbao. Sijui kama ilikuwa imenishinda kweli au ilikuwa inataka kunishinda na mimi nikaogopa. Wewe ulikuwa upande wa pili wa kamba. Wewe pekee ndiye uliyejua nilikuwa nimebakiwa na nguvu kiasi gani.

Watu walikuja na majembe yao kutoka mashambani. Tulipokutoa, mbali kule chini, mwanamume mmoja akaniuliza, "Kamba ilikatika?" Nikasema, "Ndiyo." Neno moja tu. Kwenye mazishi mchungaji akalitaja mbele ya watu wote, nami nikaitikia kwa kichwa. Kesho yake nilirudi peke yangu nikaikuta kamba imenasa kwenye mizizi, nzima kutoka mwisho hadi mwisho. Nikaichoma.

Nilidhani uongo huo utanidhuru mimi tu. Lakini mama yako alihitaji mtu wa kumlaumu. Akasafiri mpaka soko la Arua, kwa Mama Zubeda, yule Mnubi anayeuza kamba na ndoo, mahali tuliponunua ile yetu. Akasimama mbele ya meza yake akapiga kelele, "Kamba yako imeua mtoto wangu!" Mama Zubeda alitoka nyuma ya meza. Alivua mtandio wa mabegani akamfunika mama yako, akamkalisha chini. Lakini watu walisikia, na maneno sokoni hayahitaji miguu. Wakulima wa Ayivu wanaofunga mizigo kwenye baiskeli wakaanza kununua kwingine. Kila nilipopita, nilitazama upande mwingine. Kisha siku moja nikakuta meza haina kamba hata moja, ni ndoo tu.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Ludara. Mama yako alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Nilisema yote nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa sitasema. Hakusimamisha chekecheo. Alimaliza unga wote. Halafu akasema, "Alikuwa ameshika?"

Nikasema, "Alikuwa ameshika."

"Kwa mikono miwili?"

"Mikono miwili."

Akafunika uso kwa mikono yake yenye unga. Sikuthubutu kumgusa. Baadaye aliniambia, "Kuhusu mtoto wangu, usiniulize kama nimekusamehe. Sijui. Lakini yule mwanamke wa watu nimemtukana bure kwa mdomo wako. Kesho tunaenda."

Tukaenda. Nilisema mbele ya meza yake kwa sauti ile ile aliyotumia mama yako, ili majirani wasikie. Mama Zubeda alinisikiliza akipanga ndoo. Kisha akasema, "Mimi nilijua kamba iko muzuri. Nilipima na mikono yangu. Lakini mutu iko nalia mutoto yake, wewe utasema nini?" Akamtazama mama yako, si mimi. Wakashikana mikono, wakakaa kwenye mkeka nyuma ya meza, wakazungumza kwa muda mrefu mambo ambayo sikuitwa kuyasikia. Nilisimama juani na watu wakinitazama. Nilistahili.

Sasa mama yako hunijibu nikimsalimia. Zaidi ya hapo, hapana. Chai ananiwekea, lakini hakai nami kuinywa.

Poni, sikuombi uniambie kama nilifanya vibaya. Najua barua hii haitajibiwa. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu kwamba nilikuona ukinitazama, na kwamba sitasema tena kwamba kamba ilikatika.

Lala salama, mtoto wetu. Udongo wa Ludara uwe mwepesi juu yako, na mvua hii ipite juu yako polepole.

Imebaki kazi moja. Baba yako anarudi Ijumaa na lori lake kutoka Juba. Yeye bado anaamini kamba ilikatika. Mama yako amekataa kumwambia, anasema mdomo uliodanganya ndio utakaosema. Ninakuahidi: nitakuwa Koboko, pale malori yanaposimama, tangu asubuhi. Nitamwambia kabla hajanishika mkono, ili achague mwenyewe kama atanishika.

Mjomba wako,
Lemi