Amplifaya ya Marehemu Mulinge Yakabidhiwa kwa Mjane Wake

UMOJA WA MAFUNDI WA REDIO NA ELEKTRONIKI, VOI

Kumbukumbu za kikao maalum kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, kuanzia saa nane na nusu mchana, katika chumba cha nyuma cha duka la Mwenyekiti, karibu na soko, Voi.

Waliohudhuria:
1. Obadiah Mwandawiro – Mwenyekiti
2. Musyimi Kitonga – Msimamizi wa Meza ya Ukaguzi
3. Mwende Kavinya – Mwanachama (fundi wa simu)
4. Elsie Wakesho – Katibu

Mwalikwa: Evelyn Mulinge, mjane wa marehemu Fundi Mulinge Mwanzia

Aliyeomba udhuru: Festus Mwakio (alikuwa Mraru akifunga spika za harusi)

Waliokosa bila udhuru: Hakuna. Jina la marehemu, ambalo kwa miaka tisa lilikuwa likiandikwa hapa mara kwa mara, halipo tena, na Katibu anakiri kwamba amelikosa.

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala na kumkaribisha Mama Evelyn. Alieleza kwamba kikao kina jambo moja tu, nalo ni kumkabidhi amplifaya ya hedifoni ambayo mumewe alikuwa akiitengeneza alipougua. Alimwomba radhi kwa kungoja wiki kumi na moja. Mama Evelyn alijibu, "Nimengoja kwa sababu mliniambia ningoje." Mwenyekiti aliendelea na ajenda.

KUMB. NA. 2/06/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Bi. Mwende alisema kumbukumbu za 30 Aprili hazikuandika maneno yake. Alikuwa amesema kwamba Mulinge hakuwa fundi wa kukosea waya za kushoto na kulia, na kwamba bodi yake ya amplifaya isiguswe mpaka familia iulizwe. Kumbukumbu zilisema tu "mjadala ulifanyika".

Fundi Musyimi alisema fundi wa simu hawezi kufundisha watu amplifaya. Bi. Mwende alimuuliza simu anayotumia yeye ilitengenezwa na nani. Mwenyekiti alituliza kikao. Maneno ya Bi. Mwende yaliingizwa na kumbukumbu zikathibitishwa.

KUMB. NA. 3/06/2025: RIPOTI YA MEZA YA UKAGUZI

Kwa faida ya mwalikwa, Fundi Musyimi alieleza jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Kinachomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na waya huohuo ndio unaokipa moto, kwa hiyo stima ikipotea bado kinaendelea kwa betri ya kompyuta. Ndani kuna sehemu mbili. Ya kwanza inapokea sauti ikiwa bado ni hesabu za kompyuta na kuigeuza iwe sauti ya kawaida. Ya pili inaikuza na kuipeleka kwenye hedifoni. Mulinge alitengeneza zote mbili kwa mkono, kwa vipande alivyovitoa kwenye redio za magari na kompyuta zilizokufa, akazifungia ndani ya mkebe wa majani ya chai.

Fundi Musyimi alisema, na Katibu anaandika kama alivyosema, kwamba kazi ilikuwa safi kuliko yake mwenyewe. Hakukuwa na mvumo hata kidogo, jambo gumu sana kwa kifaa kinachokula moto wa USB.

Aliendelea kwamba, kwa mujibu wa Kanuni ya Sita, kazi anayoiacha fundi aliyefariki hupita kwenye Meza ya Umoja na kuondolewa kasoro kabla ya kwenda kwa familia. Kanuni hiyo tuliiweka baada ya redio ya marehemu mmoja kuunguza pazia la dada yake huko Mghange. Kasoro aliyoikuta hapa ni moja. Marehemu alikuwa ameweka rezista mbili, vile vipande vidogo vya kupunguza umeme, zilizounganisha upande wa kushoto na wa kulia, na sauti yote ikawa inatoka sikio la kulia peke yake. La kushoto lilikuwa kimya. Alizitoa rezista hizo na kurudisha kila upande mahali pake. Alisema hilo ni kosa la mwanafunzi na huenda ugonjwa ulikuwa umeanza kumchanganya rafiki yake.

Mama Evelyn alikuwa ameketi akimtazama Fundi Musyimi mdomoni.

KUMB. NA. 4/06/2025: MAJARIBIO

Mama Evelyn alifungua kompyuta ya marehemu. Alieleza kwamba mumewe, akiwa kitandani hospitalini, alimwambia amemwekea rekodi ya sauti yake humo ndani, lakini asihangaike nayo mpaka hiyo mashine iwe tayari. Aliwahi kuijaribu kwa spika ya kompyuta akasikia kama mtu anaongea nyuma ya ukuta. Maneno hakuyapata.

Alivaa hedifoni. Rekodi iliwashwa. Baada ya muda alisema, "Sisikii kitu." Kitufe cha sauti kiliongezwa mpaka mwisho. Alisema tena hasikii kitu.

Fundi Musyimi alizivaa yeye. Alizivua haraka na kusema, "Mashine ni nzima. Ni yeye kabisa." Baadaye aliongeza kwa sauti ya chini kwamba labda tatizo liko kwa shemeji, si kwa mashine, na kwamba asichukulie vibaya.

Mama Evelyn alizichukua hedifoni na kuzivaa kwa mara ya pili, akizifinya kwa mikono miwili. Alilia. Mwenyekiti alimpa maji.

KUMB. NA. 5/06/2025: UJUMBE WA TAREHE 12 APRILI

Katibu aliomba nafasi. Alitoa ujumbe ambao Mama Evelyn aliutuma kwa simu ya Umoja tarehe 12 Aprili, na ambao haukuwahi kusomwa kikaoni. Kwa utaratibu wetu barua au ujumbe wowote unaotaja ugonjwa huenda kwenye faili ya ustawi, na faili ya ustawi hufunguliwa Desemba. Katibu aliuona ujumbe huo, akaona neno "daktari", akauweka Desemba. Aliusoma:

"Katibu, nauliza ile mashine itakuwa tayari lini. Sikio langu la kushoto lilikufa nikiwa mtoto. Natumia la kulia tu, na daktari anasema nalo linaenda, hajui kama litafika mwisho wa mwaka. Mulinge alikuwa anajua. Tafadhali msikae nayo sana."

Fundi Musyimi alisema amekula kwa hao watu miaka kumi na minne na hakujua. Mama Evelyn alisema, "Alikuwa anakaa kulia kwangu kila mahali. Kanisani, mezani, hata kwa gari. Mlidhani ni mapenzi tu."

Bi. Mwende hakuomba nafasi. Alisimama, akauliza marehemu alikuwa anarekodi kwa maikrofoni ngapi, na Fundi Musyimi akajibu ni moja, inayoingia kushoto. Alipomaliza kusema alijishika kichwa. Sauti yote ya Mulinge iko upande wa kushoto. Zile rezista mbili ndizo zilizokuwa zinaivusha kwenda kulia, kwa sikio la mke wake.

Bi. Mwende alizigeuza hedifoni kichwani mwa Mama Evelyn, ya kushoto ikaja kulia. Mama Evelyn alishtuka, akasema, "Huyo ni Mulinge." Papo hapo alizivua akazilaza mezani. Alisema hataki kumsikia kwa kugeuza-geuza. Wairudishe kama alivyoiacha, ndipo atasikiliza.

Katibu anaomba iandikwe kwamba kosa la kwanza ni lake, na kwamba ameona aibu.

KUMB. NA. 6/06/2025: MAREKEBISHO YA KANUNI YA SITA

Wakati Fundi Musyimi akitafuta rezista, kikao kiliendelea. Zile za marehemu hazikupatikana. Fundi Musyimi alikuwa amezitia kwenye redio ya mteja, nayo ilishaondoka na mteja kuelekea Taveta. Alitumia nyingine za kipimo hichohicho. Alilehemu kwa dakika arobaini kazi ya dakika tano, na aliungua kidole mara mbili. Hatujawahi kumwona akiungua.

Bi. Mwende alipendekeza kwamba kuanzia leo Meza isiguse kazi ya marehemu yeyote kabla ya kuuliza familia kifaa kilikuwa cha nani na cha kufanyia nini. Mwenyekiti aliunga mkono. Alisema yeye pia aliiona ile bodi Aprili na akafurahi kwamba hata Mulinge alikuwa anakosea. Alisema anajuta kufurahi. Pendekezo lilipita kwa kauli moja.

Fundi Musyimi alimwambia Mama Evelyn bila kuinua macho kutoka kwenye bodi, "Shemeji, nilimwita mwanafunzi." Mama Evelyn alimwambia amalize kazi.

KUMB. NA. 7/06/2025: KUKABIDHI

Kifaa kilifungwa ndani ya mkebe wake na kuchomekwa. Mama Evelyn alivaa hedifoni sawasawa, kulia kulia, kushoto kushoto. Kitufe kilikuwa mwisho. Alisema Aprili asingehitaji kukifikisha huko.

Rekodi ilianza. Baada ya muda mfupi Mama Evelyn aliinua mkono. Mwenyekiti, akidhani anaomba nafasi ya kuzungumza, alimpa nafasi. Mama Evelyn hakuzungumza na hakuushusha. Mwenyekiti alimwita kwa jina, akampa nafasi mara ya pili.

Bi. Mwende alituashiria tunyamaze. Sauti ilikuwa kubwa kiasi cha kuvuja nje ya hedifoni, na sote wanne tuliisikia, ndogo lakini safi, bila mvumo: "Evelyn. Sasa nimekaa upande wako. Ukinisikia, inua mkono."

Hakukuwa na mengineyo. Mwenyekiti alifunga kikao kwa kunong'ona saa kumi na dakika hamsini. Mkono ulikuwa bado juu.

Obadiah Mwandawiro ........................ Mwenyekiti

Elsie Wakesho ........................ Katibu