Krismasi Niliyopiga Hodi Kwangu

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kibamba sie wazima, ila babu yako amempa mbuzi wa Krismasi jina, sasa sijui nani atamchinja.

Umeuliza nawezaje kuwapikia wageni wote wale wa sikukuu nisichoke. Mwaka nilioolewa nilijitia kupika sikukuu nzima peke yangu, hadi nikaanza kulia jikoni. Jirani yetu Mama Zaituni, aliyetuletea sufuria kubwa, akaninyang'anya mwiko. "Sie Idi tunapika mtaa mzima, wewe una mikono mingapi? Hebu kaoge, uvae, kisha uje kama mgeni."

Nikavaa kitenge kipya, nikazunguka hadi mlango wa mbele, nikapiga hodi. Wageni wakanipokea kwa vigelegele, na pilau nikaila ya moto!

Mapishi yakikuzidi, mama, mpe mumeo mwiko, ukapige hodi.

Bibi yako